Vikwazo na Malezi ya Viongozi wa Ngazi ya Chini Jeshini: Maswali na Majibu

Mafunzo ya vikwazo ni yapi, na sura yake ya leo ilitoka wapi?

Kwa lugha ya kijeshi, kikwazo ni kitu chochote, cha asili au cha kutengenezwa, kinachozuia au kuchelewesha mwendo wa askari. Na kiwanja cha vikwazo ni njia iliyopangwa kuta, mahandaki, magogo, kamba na nyaya za kutambaa chini yake, ili askari avizoee vitu hivyo kabla ya kukutana navyo vitani. Sura ya sasa ya viwanja hivyo inadaiwa mengi na Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alishikilia kwamba mwili hujengwa kwa kukimbia, kupanda, kuruka, kubeba na kutambaa. Mwaka 1946 Mfaransa mwingine, Henri Debrus, alibuni pentathloni ya kijeshi, yaani shindano la michezo mitano, ambalo mbio zake za vikwazo kwa wanaume ni za mita 500 zenye vikwazo 20.

Je, viwanja vyote vina lengo moja?

Hapana. Mwongozo wa mazoezi ya mwili wa Jeshi la Marekani wa mwaka 1992 ulitenganisha kiwanja cha kujenga nguvu, ambacho vikwazo vyake ni vya chini na hupitwa kwa kasi, na kiwanja cha kujenga ujasiri, chenye vikwazo 24 katika makundi manne, ambako askari huhimizwa bila kulazimishwa, na wala hapimwi kwa saa. Ipo aina ya tatu, nayo ndiyo inayowahusu viongozi hasa: kikundi kidogo hukabidhiwa mbao, kamba na pipa, huonyeshwa pengo la kuvuka, huelezwa kwamba sehemu zilizopakwa rangi fulani hazigusiki, kisha mmoja wao huamriwa kuongoza kazi hiyo kwa dakika chache tu. Aghalabu kila ubao ni mfupi kuliko pengo, na hilo limefanywa kwa makusudi.

Kiongozi hujifunza nini hapo ambacho kuruta hajifunzi?

Kuruta hujifunza kuupita ukuta. Koplo anayeongoza seksheni, yaani kikosi cha askari wapatao wanane hadi kumi, hana budi kujifunza kuwapitisha wengine, na kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Katika ukuta wa mbao usio na kamba, unaozidi kimo cha mtu aliyenyoosha mikono, si vigumu kumpata wa kutangulia, kwa kuwa askari wawili wenye nguvu huegemeza migongo ukutani, hufumbata viganja na kumwinua mwenzao, naye akifika juu hukaa kwa kutagaa ili awavute wanaofuata. Ugumu uko kwa mtu wa mwisho, ambaye hana wa kumwinua. Asipochaguliwa mapema, mara nyingi hubaki yule mzito aliyekuwa akiwainua wengine na ambaye mikono yake imekwisha kuchoka, ilhali aliyefaa kubaki ni mwepesi anayeweza kukimbia, kuruka na kudakwa mikono na wawili walio juu.

Uamuzi huo hufanywa chini, kabla mtu yeyote hajaugusa ukuta, na ndiyo sababu amri ya kiongozi hutakiwa kutaja kazi yenyewe, mhusika wa kila jukumu, mfuatano wa kupita na njia mbadala endapo mpango utakwama. Koplo anayejitosa mwenyewe kuinua watu husifiwa kwa bidii (na sifa hiyo humpotosha), kwani macho yake yakishatazama viganja vyake hayaoni tena kwamba bunduki mbili zimeachwa chini na kwamba hakuna anayelinda upande wa nyuma.

Ni lini vikwazo vilianza kutumika kupima uongozi wenyewe?

Hatua mashuhuri ilichukuliwa Uingereza mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi lilipoanzisha bodi za kuteua maofisa kwa sababu usaili wa mazungumzo mafupi ulikuwa ukipitisha watu wasiofaa. Daktari wa akili Wilfred Bion alibuni jaribio la kikundi kisicho na kiongozi, ambamo watahiniwa walipewa kazi kama ya kujenga daraja bila yeyote kuteuliwa kuwa mkuu, huku waangalizi wakitazama jinsi kila mmoja alivyosawazisha tamaa ya kung'ara na haja ya kikundi kufanikiwa. Daraja likianguka, mtahiniwa hakuhesabiwa kuwa ameshindwa kwa hilo peke yake.

Usalama huzingatiwaje?

Kamba, mafundo na mbao hukaguliwa kabla ya kila zoezi, chini ya vikwazo virefu hutandazwa mchanga au maranda ya mbao, na mhudumu wa tiba huwa karibu. Mvua ikilowesha magogo, zoezi huahirishwa.

Ni kosa gani la wakufunzi linaloharibu mafunzo haya zaidi?

Ni kuligeuza zoezi la uongozi kuwa mbio, kwa kutangaza muda wa kila kikundi na kuita kinachofuata bila tathmini, yaani mazungumzo ya baada ya kazi ambamo kiongozi hueleza alichokusudia na wenzake husema walichoelewa. Pasipo mazungumzo hayo, koplo aliyefaulu kwa bahati huondoka akiamini amefaulu kwa akili, na kiwanja kilichojengwa kwa gharama kubwa huwa kimemfundisha kupanda ukuta tu.