Kupe wa Ng'ombe na Dawa za Mimea katika Nchi ya Tabora

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilichukua mizigo yake vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mikokoteni ya maksai haikufaa, kwa kuwa mapori yaliyopitiwa na njia hiyo yalikuwa na mbung'o. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mikokoteni hiyo katika safari ya kwenda Mpwapwa, na ng'ombe wao wakafa kwa wingi.

Baadaye sehemu kubwa ya miombo ya Tabora ilifyekwa kwa ajili ya mashamba na kuni za kukaushia tumbaku. Mbung'o akarudi nyuma, na makundi ya ng'ombe yakaingia, mengi yao kutoka Usukumani. Lakini palipoingia ng'ombe, kupe naye aliingia.

Kupe wa ng'ombe asichanganywe na papasi. Papasi hujificha katika nyufa za nyumba na za kambi za njiani, naye huambukiza watu homa ambayo Robert Koch aliichunguza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905. Papasi hunyonya usiku kwa muda mfupi, kisha huondoka. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania kwa siku kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa somo hili.

Aliye hatari zaidi ni kupe wa kahawia apendaye masikio, Rhipicephalus appendiculatus. Buu wake, mwenye miguu sita, hunyonya, huanguka na kujivua ngozi akawa tunutu wa miguu minane. Tunutu hutafuta mnyama wa pili, na kupe mzima hutafuta wa tatu. Jike akishashiba huanguka na kutaga maelfu ya mayai. Buu au tunutu akinyonya mnyama mwenye ndigana kali hupokea kijidudu kiitwacho Theileria parva, na katika hatua ya maisha inayofuata humwambukiza mnyama mwingine. Tezi za chini ya masikio huvimba, homa hupanda, pumzi huwa za shida. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa mara nyingi hufa katika wiki chache.

Hata hivyo, vijidudu vilivyo katika tezi za mate za kupe huwa havijakomaa siku anapopanda mwilini. Kwa kawaida hukomaa baada ya kupe kunyonya siku tatu au nne. Basi kupe akiondolewa siku ya kwanza au ya pili, hata kwa vidole, ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizwi. Ndiyo maana palipo na ndigana kali wataalamu waliagiza ng'ombe waogeshwe mara mbili kwa wiki. Dawa yoyote, iwe ya dukani au ya porini, ipimwe kwanza kwa kipimo hicho: je, humwondoa kupe kabla ya siku ya tatu?

Majosho ya kwanza yalitumia aseniki, na baadaye toksafeni. Kupe walizoea aseniki. Toksafeni nayo ilipigwa marufuku katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hudumu katika udongo na mafuta ya mwili. Majosho mengi yalipoharibika, wafugaji wengi waliegemea mimea.

Mkoani Tabora mmea ulio karibu zaidi na mkono ni tumbaku. Maji yaliyolowekwa majani yake huua kupe kweli, kwa sababu nikotini huvuruga mishipa ya fahamu. Lakini nikotini haichagui. Hupenya ngozi ya ng'ombe na ya mtu vilevile; wachumaji wa tumbaku mbichi wanajua kizunguzungu na kutapika kunakoletwa na umande wa majani hayo. Tena kiasi cha nikotini hutofautiana kutoka jani hadi jani, hivyo kopo lililofaa jana laweza kumuua ndama leo. Dawa isiyo na kipimo haistahili kusifiwa kwa kuwa tu ni ya asili.

Utupa, unaotumiwa na wavuvi kulevya samaki, una rotenoni. Huua kupe, lakini huharibika upesi juani, na mabaki yake yakifika bwawani huua samaki.

Mgagani ni habari ya kupendeza zaidi, maana ni mboga. Watafiti wa kituo cha ICIPE nchini Kenya walieleza mwaka 1992 kwamba harufu ya majani yake huwafukuza kupe wa kahawia. Watafiti wa kituo hichohicho walichunguza pia kuku walioachwa wadonoe kati ya ng'ombe kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Matumboni mwao walikuta kupe kuanzia 3 hadi 331, wastani wa 81 kwa kila kuku. Hakuna josho lenye bei nafuu kuliko hilo, ingawa kuku hafiki ndani ya sikio.

Jambo la mgagani laweza kupimwa shuleni. Kupe wenye njaa hukusanywa kwa kuburuta kitambaa cheupe juu ya majani ya malisho, suruali ikiwa imechomekwa ndani ya soksi, nao hushikwa kwa koleo ndogo. Vijiti viwili vilivyo sawa husimamishwa juu ya madonge ya udongo katika sahani mbili zenye maji, ili kupe wasitoroke. Katikati ya kijiti kimoja hufungwa majani mabichi ya mgagani. Katikati ya kingine, nyasi za kawaida kwa kiasi kilekile. Bila kijiti cha pili haitajulikana kama kupe amezuiwa na harufu au na kizuizi chenyewe. Kupe kumi huwekwa chini ya kila kijiti, na baada ya nusu saa huhesabiwa waliovuka majani. Kisha sahani hubadilishana nafasi na jaribio hurudiwa kwa kupe wengine. Waliokwisha kutumika hutumbukizwa katika spiriti.