Fedha za kutunza ngitili: nani analipa, na anataka nini

Marekani tangu 1985 serikali imekuwa ikiwalipa wakulima wanaopumzisha ardhi iliyochoka. Mfugaji wa Kishapu akisikia hivyo huuliza papo hapo: na sisi je? Hapa kwetu hakuna malipo ya kila mwaka ya namna hiyo. Anayepita kijijini akikuandikisha kwa "ada ya fomu" ili serikali ikulipe kwa kila ekari ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, mfikishe kwa mtendaji wa kijiji.

Ngitili zenyewe hazikurudi kwa malipo ya ekari. Miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikamaliza iliyobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabika hazikuzidi hekta 600 hivi; haikupita miaka 20 zikavuka hekta 300,000. Serikali na wafadhili wa Norway walileta miche na wataalamu. Kufunga malisho mvua zikianza, kuyafungua kiangazi kikikaza na kumtoza faini aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati, hayo Wasukuma walikuwa nayo zamani.

Ruzuku iliyopo leo ni ya Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotajwa katika Sheria ya Misitu ya 2002. Hupewa mtu binafsi, kikundi au taasisi kwa kazi kama kupanda miti, kufuga nyuki na kutunza msitu. Hairudishwi, ila hutolewa kwa andiko la mradi, na matumizi yake huulizwa hadi risiti ya mwisho. Maombi hupokelewa Mfuko unapotangaza, kwa hiyo ofisi ya kuzoea ni ya afisa misitu wa wilaya.

Wengi hukwamia kwenye karatasi. Ngitili ya familia inahitaji hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ya kijiji inahitaji mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Utazame muhtasari wa mkutano huo kwa makini: uwe na tarehe, mahudhurio yenye sahihi, na muhuri. Mpaka ulioandikwa kwamba unaishia "kwenye mkwaju mkubwa" ni mgogoro unaosubiri shoka. Chukueni vipimo vya GPS.

Geita, Mbogwe na Nyang'hwale kuna jambo la ziada. Maduara (mashimo ya dhahabu) yanakula matimba (magogo ya kushikilia kuta), na kambi za wachimbaji zinakula mkaa. Madini si mali yako hata yakiwa chini ya ngitili yako, lakini Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni alipe fidia kwa miti, mazao na majengo anayoyaharibu. Piga picha za miti na uihesabu mapema, mashahidi wakiwepo. Baada ya tingatinga kupita utakuwa unabishana juu ya visiki.

Kuhusu biashara ya hewa ya ukaa, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimeshalipwa, na biashara hiyo ina kanuni zake tangu 2022 na kituo cha taifa cha kuifuatilia kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ngitili ya ekari tano peke yake haitoshi kumvuta mnunuzi, unganeni. Mkataba unaweza kuwafunga hadi wajukuu, basi kabla ya sahihi uliza ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi, na gharama za upimaji zinakatwa kwa nani. Usiposomewa kwa Kiswahili unachoelewa, usisaini.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo inaweza kununua mizinga ya nyuki. Huo ni mkopo, ingawa hauna riba, na halmashauri itaudai.