Nesi wa nyumbani: anza na familia ya mgonjwa

Anayefungua huduma ya uuguzi wa nyumbani jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kuweka tangazo la kazi, na siku mbili tatu baadaye simu yake imejaa CV. Hilo lisimdanganye. Wako wengi waliomaliza chuo cha uuguzi, wakasajiliwa, na sasa wanajitolea hospitalini huku wakisubiri ajira za serikali. Kumpata nesi si shida. Shida ni kuwa naye bado baada ya miezi sita. Akiondoka, mwenye huduma husema vijana wa siku hizi hawatulii. Muulize aliyeondoka, ataanza na nyumba aliyopelekwa. Aliambiwa afue sare za shule za wajukuu wa mgonjwa. Alimaliza zamu ya usiku, mwenzake hakutokea, akaunganisha hadi jioni. Pete ya mama mwenye nyumba ilipotea, akapekuliwa mkoba. Mshahara atautaja pia, lakini baada ya hayo.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza kuandika isiwe tangazo. Iwe mkataba wako na familia ya mgonjwa.

Nenda nyumbani kwao kabla hujaikubali kazi, wewe mwenyewe au msimamizi wako aliye muuguzi, si mtu wa masoko. Mwangalie mgonjwa. Amepooza upande mmoja kwa kiharusi? Ana kidonda cha mgandamizo? Analishwa kwa mpira wa puani, ana katheta? Halafu iangalie nyumba: nesi atakaa wapi usiku, atatumia choo kipi, maji yakikatika kuna tanki? Kisha keti na anayelipa pamoja na anayeishi na mgonjwa, maana mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kaka mkubwa yuko Muscat au Houston anatuma fedha, dada yuko Tabata ndiye anayelala na mgonjwa, na wanayoyategemea hayafanani. Kama kaka hawezi kuja, awe kwenye simu mkiwa mmekaa.

Ziandikeni kazi za nesi moja moja: kumwogesha mgonjwa, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha, kumpa dawa, kusafisha kidonda, kupima presha na sukari, kujaza fomu ya zamu. Shuka na nguo za mgonjwa zimo au hazimo? Semeni hapohapo. Kupikia familia, kudeki sebule na kumpeleka mtoto shule havimo, na wanaohitaji mtu wa hayo wamtafute dada wa kazi. Chakula cha nesi akiwa zamu kinatoka kwa nani? Swali hili linaonekana dogo mpaka mtu ashinde na njaa kwenye nyumba yenye friji iliyojaa. Nesi asishike kadi ya benki ya mgonjwa wala hela ya matumizi. Vitu vya thamani vitolewe chumbani kabla ya siku ya kwanza. Dawa kama mofini zihesabiwe kila zamu inapokabidhiwa, anayetoka na anayeingia wote watie sahihi. Kamera familia inaweza kuweka, ila iseme ziko wapi, na isiwepo hata moja pale nesi anapobadilishia nguo.

Kuna kifungu ambacho wengi huona aibu kukiandika. Mwanamume yeyote wa nyumba ile, mgonjwa akiwemo, akimshikashika nesi au kumsumbua kwa maneno, nesi anaondoka siku hiyo hiyo na malipo yake hayakatwi. Familia isiyotaka kukisaini, achana nayo. Wala usidhani umemaliza tatizo kwa kumpeleka binti mwingine nyumba ileile. Wenzake watajua kabla ya jioni, na watakuwa wamekupima wewe, si ile familia.

Sasa hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya mwenyewe: mgonjwa mmoja anayehitaji nesi usiku na mchana anataka wauguzi wanne. Ukiweka wawili wapokezane kila baada ya saa 12, kila mmoja anabeba saa 84 kwa wiki na hana ile siku ya mapumziko ambayo sheria inamtaka apate kila wiki. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano, lakini zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Hata ukizitumia zote unahitaji watu watatu, na hao watatu asiumwe hata mmoja. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ya uzazi ni 84, na katika kazi iliyojaa wanawake vijana, hilo si jambo la kukushtua likifika.

Bei unayoitaja kwa familia itokane na hesabu hii, si na bei ya jirani. Wasiomudu wape njia nyingine: nesi wa zamu ya mchana peke yake, ndugu wakifundishwa kugeuza na kulisha usiku, au nesi anayepita mara tatu kwa wiki kwa ajili ya kidonda. Kukubali kazi ya saa 24 kwa bei ya wauguzi wawili ni kuwalipisha wauguzi tofauti iliyobaki kwa usingizi wao.

Nani wa kumwajiri? Awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na jina lake ulihakiki kwa Baraza lenyewe. Nakala iliyopigwa picha haitoshi. Mhudumu wa afya si muuguzi. Anaweza kufaa sana kwa mzee asiye na vidonda wala mirija, lakini familia iambiwe ni nani anayekuja. Kati ya waombaji, mpe uzito aliyewahi kufanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani kuliko mwenye lundo la vyeti vya semina. Hospitalini nesi akikwama anaita mwenzake. Nyumbani, saa 9 usiku, hakuna wa kumwita. Kwa hiyo usaili uwe wa matukio: mgonjwa analishwa kwa mpira, ghafla anakohoa na midomo inabadilika rangi, unafanya nini kwanza? Asiyeanza kwa kusimamisha chakula bado hajawa tayari kukaa peke yake. Hiyo haina maana umkatae. Aliyetoka chuoni juzi mpangie zamu pamoja na mzoefu kwa wiki kadhaa, na gharama hiyo ibebe ofisi.

Wastaafu nao wamesahaulika bure. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wa 60 analazimika. Mgongo wa mama wa miaka 60 usiupe kazi ya kunyanyua mgonjwa wa kilo 90, lakini ndiye msimamizi utakayemhitaji kuliko gari la kampuni. Anazijua hospitali, anajua kuongea na ndugu waliokata tamaa, na binti wa miaka 24 atamwambia yeye mambo ambayo wewe hutaambiwa.

Kipo pia kimchezo cha kushikilia vyeti halisi vya nesi ili asitoroke. Kiache. Anayefanya hivyo amekiri mwenyewe kwamba kwake kuna sababu ya kutoroka.

Baada ya hapo mpangie kazi kwa kufuata daladala. Anayeishi Chanika usimpeleke Mbezi Beach kama una mtu Kunduchi. Zamu zibadilishwe saa 1 badala ya saa 12, ili anayeingia asubuhi asidamke usiku wa manane. Akilazimika kusafiri usiku, dereva awe mnayemfahamu na nauli iwe juu ya ofisi.

Upweke wa kazi hii hausemwi sana. Nesi anakaa saa 12 chumbani na mtu asiyeweza kuzungumza, ndugu wakiingia wanauliza kwa nini mgonjwa hapati nafuu, kana kwamba yeye ndiye kiharusi. Awe na namba moja inayopokelewa usiku na mchana na muuguzi mwenye uzoefu. Si namba ya mapokezi. Msimamizi apite kila nyumba angalau mara moja kwa wiki, akae, apime kidonda, asome fomu, amtoe nesi nje wazungumze wawili. Kundi la WhatsApp la wauguzi lisichanganywe na la familia, na picha za mgonjwa zisipite kwenye lolote kati ya hayo bila ruhusa yake au ya familia.

Usalama wake nao una orodha fupi isiyo na mjadala: glovu, sanduku la kutupia sindano ambalo ofisi hulikusanya yenyewe, na chanjo kamili ya homa ya ini aina ya B. Akijichoma sindano awe anajua tayari aende kituo gani, maana dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora. Michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ipelekwe kila mwezi, naye aonyeshwe.

Halafu mgonjwa hufariki. Kwa maoni yangu hapa ndipo huduma nyingi hupoteza wauguzi wao wazuri, na hazijui. Nesi amemhudumia bibi kwa mwaka mzima, anajua anavyopenda uji wake, na mara nyingine ndiye aliyekuwa chumbani pumzi ya mwisho ilipotoka. Kesho yake ofisi inamwambia akae nyumbani mpaka apatikane mgonjwa mwingine. Hana kazi, hana mshahara, na hakuna aliyempa pole. Mpe siku za msiba zenye malipo, na mmoja wa ofisi aende naye. Baada ya hapo awe na mshahara wa msingi hata asipokuwa na mgonjwa: azibe likizo za wenzake, aongozane na msimamizi, ahudhurie mafunzo endelevu anayoyahitaji ili kuhuisha leseni. Fedha ya kipindi hicho lazima iwe imo kwenye bei tangu mwanzo.

Ipo pia siku familia itamwita pembeni na kumwambia aachane na ofisi, wamlipe yeye moja kwa moja. Kifungu cha adhabu kwa nesi hakitazuia hilo. Mwonyeshe tangu mwanzo familia inalipa kiasi gani, yeye anachukua ngapi, na kinachobaki kinafanya nini: NSSF, mtu wa kumshikia zamu akiugua, mshahara wa kipindi kisicho na mgonjwa, msimamizi wa saa 9 usiku. Kama ukiyaweka hayo mezani bado anaona ni afadhali aende, basi sehemu yako ni kubwa mno. Kwa upande wa familia, weka ada ya kumhamisha muuguzi ndani ya mkataba, iliyo wazi na inayolipika. Chukua pia malipo ya mwezi mmoja kabla ya kazi kuanza, ili mshahara wa nesi usingoje kaka wa Houston aamke.

Ajira za serikali zikitangazwa utapoteza watu, na hakuna njia ya kuzuia hilo. Hawa usiwanunie. Mlipe anayeondoka stahiki zake zote kwa wakati na umpe cheti cha utumishi, ambacho sheria inakutaka umpe hata kama mmeachana vibaya. Huyo ndiye atakayeulizwa na wenzake aliowaacha wakijitolea hospitalini kama kwako ni pa kuja.