Zeolaiti: Kutoka Maji Magumu hadi Kichocheo cha Kiwandani

Mtahiniwa, ukiwa Nduguti au popote mkoani Singida, chukua maji ya kisima, fulia kwa sabuni ya mche. Povu likichelewa na utando mweupe ukaelea juu, maji hayo ni magumu: yana ioni za kalisiamu au magnesiamu. Njia mojawapo ya kuyalainisha ni kuyapitisha kwenye zeolaiti. Zeolaiti hizo hizo hutumika viwandani kama vichocheo. Ukielewa wazo moja, yaani kubadilishana ioni, utajibu maswali ya pande zote mbili.

1. Zeolaiti ni nini?
Ni fuwele za silikoni, alumini na oksijeni zenye vitundu vidogo mno. Kila atomu ya alumini kwenye kiunzi huleta chaji hasi moja, inayosawazishwa na ioni chanya kama Na⁺. Ioni hiyo inaweza kubadilishwa. Jina, lenye maana ya "jiwe linalochemka", lilitolewa mwaka 1756 na Axel Cronstedt wa Sweden. Zeolaiti za asili zimo katika majivu ya kale ya volkano huko Olduvai.

Tukiita kiunzi Z⁻:
Ca²⁺ + 2NaZ → CaZ₂ + 2Na⁺

Zeolaiti ikichoka, hurudishiwa nguvu kwa mmumunyo mzito wa chumvi ya kawaida.

2. Kuandaa
(a) Changanya mimumunyo ya silikati ya sodiamu na aluminati ya sodiamu, pamoja na hidroksidi ya sodiamu. Hupatikana rojo zito.
(b) Pasha rojo kwa saa kadhaa, karibu 100 °C, hadi fuwele zijitokeze.
(c) Chuja, osha, kausha. Umepata NaZ.

3. Kurekebisha
NaZ haina asidi ya kutosha kuvunja molekuli kubwa za mafuta. Kwa hiyo:

Hatua ya 1: NaZ + NH₄Cl → NH₄Z + NaCl
Hatua ya 2: NH₄Z → HZ + NH₃ (joto la takriban 500 °C)

HZ ni asidi katika hali ya yabisi. Gesi inayotoka hugeuza litimasi nyekundu yenye unyevu kuwa bluu. Zeolaiti pia hupitishiwa mvuke wa moto ili kupunguza alumini kwenye kiunzi. Hapo huvumilia joto zaidi.

4. Mfano
NH₄Z yenye moli 0.05 za NH₄⁺ imechomwa kabisa. Tafuta ujazo wa NH₃ katika s.t.p.
Jibu: 0.05 × 22.4 = 1.12 dm³.

5. Usipoteze alama
• Usiandike kwamba kichocheo huongeza kiasi cha zao kwenye msawazo. Huharakisha tu kuufikia.
• Kichocheo hakiliwi na mmenyuko, lakini kaboni huziba vitundu vyake. Huchomwa hewani ili kaboni itoke kama CO₂, kisha hutumika tena.

Jipime
1. Kwa nini molekuli nene haziwezi kumenyuka ndani ya zeolaiti?
2. Moli 0.02 za Ca²⁺ zinahitaji moli ngapi za NaZ?
3. Taja gesi inayotoka katika Hatua ya 2 na kipimo chake.

Majibu: 1. Haziingii kwenye vitundu. 2. Moli 0.04. 3. Amonia, litimasi nyekundu yenye unyevu huwa bluu.

Ukikosa swali la 2, rudia mlinganyo wa sehemu ya 1 kabla ya kuendelea.