Mfumo Mmoja, Nakala Mbili: Kutenganisha Mafaili ya Mipangilio ya Kumbukumbu za Wagonjwa

Mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa unaweza kusimikwa mara mbili katika seva moja: nakala ya huduma, inayotunza taarifa za wagonjwa halisi, na nakala ya mafunzo, ambamo watumishi wapya hujizoeza kwa wagonjwa wa kubuni. Kwa sura, nakala hizo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Kinachozitenga ni faili dogo la mipangilio, ambalo huielekeza kila nakala kwenye hifadhidata yake.

Faili hilo likikosewa, madhara humfikia mgonjwa. Jibu la kipimo cha wingi wa virusi lililoingia katika hifadhidata ya mafunzo halitaonekana mgonjwa atakaporudi kliniki, na tabibu anaweza kuamua tiba bila kulijua. Kinyume chake, dozi ya kubuni ikiingia katika hifadhidata ya huduma yaweza kusomwa kama agizo la kweli. Aidha, mwanafunzi anaweza kujikuta akisoma siri za wagonjwa asiowahudumia.

Mfano mzuri ni OpenMRS, mfumo huria ulioasisiwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mfumo huu huendeshwa ndani ya Tomcat, na hutafuta faili la mipangilio kwa kufuata jina ambalo programu imesimikwa nalo. Nakala iitwayo openmrs husoma openmrs-runtime.properties; nakala iitwayo mafunzo husoma mafunzo-runtime.properties. Hivyo nakala zote mbili zaweza kukaa katika seva moja bila kugongana.

Hata hivyo, jina tofauti pekee halitoshi. Msimamizi akinakili faili la huduma na kulibadili jina tu, mstari wa connection.url hubaki ukielekeza kwenye hifadhidata ileile. Mfumo utafunguka vizuri, na watumiaji hawataona dalili yoyote ya kosa. Kwa sababu hiyo, kanuni zifuatazo hazina budi kuzingatiwa:

1. Kila nakala iwe na hifadhidata yake, na mstari wa connection.url usomwe kwa makini kabla ya kuwasha mfumo.

2. Jina la mtumiaji na nywila ya hifadhidata viwe tofauti katika kila faili. Mtumiaji wa mafunzo asipewe ruhusa yoyote katika hifadhidata ya huduma. Hapo, hata anwani ikikosewa, mlango utabaki umefungwa.

3. Kwa kuwa faili lina nywila, lisomwe na akaunti inayoendesha seva pekee.

4. Baada ya badiliko lolote, mfumo uwashwe upya, kisha orodha ya wagonjwa katika nakala ya mafunzo ikaguliwe. Likionekana jina la mgonjwa halisi, mafunzo yasimamishwe mara moja.

Ukurasa wa kuingilia wa nakala ya mafunzo uandikwe MAFUNZO kwa herufi kubwa, na kila mtumishi ahakikishe yumo katika nakala sahihi kabla ya kuandika chochote. Naye mgonjwa akiambiwa kuwa jibu lake halimo kwenye kompyuta, ana haki ya kuomba litafutwe pia katika daftari la maabara kabla ya kutolewa damu upya.