Upimaji wa Udhaifu kwa Wazee Wenye Saratani ya Tezi Dume

Umri peke yake hautoshi kuamua tiba ya mzee mwenye saratani ya tezi dume. Wazee wawili wa miaka 76 wanaweza kufika katika kliniki moja ya Ngokolo, mjini Shinyanga: mmoja bado analima pamba, mwingine hainuki kitini bila kushikwa mkono. Wa kwanza akinyimwa tiba kwa sababu ya miaka yake, amedhulumiwa. Wa pili akipewa tiba nzito bila kupimwa, naye amedhulumiwa.

Jumuiya ya kimataifa ya saratani kwa wazee, SIOG, inapendekeza wagonjwa wa miaka 70 na zaidi wapimwe kwanza kwa dodoso la G8. Vipengele vyake vinane hugusa ulaji, kupungua uzito, kutembea, hali ya akili, uwiano wa uzito na urefu, idadi ya dawa, umri, na jinsi mgonjwa anavyoiona afya yake akijilinganisha na rika lake. Alama za juu kabisa ni 17. Anayepata 14 au pungufu anahitaji tathmini pana. Muuguzi aliyefunzwa hulikamilisha dodoso hili kwa dakika chache.

Alama ndogo si sababu ya kumwondolea mgonjwa tiba. Mara nyingi chanzo chake kinarekebishika: upungufu wa damu, lishe duni, sonona, mtoto wa jicho. Katika ukanda huu wa migodi wa Mwadui, Kahama na Geita, historia ya kazi iulizwe kwa makini zaidi. Vumbi la miamba huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na kuongeza hatari ya kifua kikuu, hivyo mchimbaji mstaafu anayekonda na kuishiwa pumzi apimwe makohozi. Kuandika “uzee” mbele ya dalili hizo ni uzembe.

Tiba ya kushusha homoni, iwe ya sindano au ya kuondoa korodani, hupunguza misuli na kudhoofisha mifupa. Aliyewahi kuanguka atambuliwe kabla ya kuianza, na upimaji urudiwe tiba ikiendelea.

Maswali yaelekezwe kwa mzee mwenyewe, kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha anayoimudu. Mwana aliyemsindikiza ni msaidizi. Uamuzi ni wa baba. Barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ionyeshe alama za G8, uzito wa sasa, dawa zote anazotumia, na matakwa yake kama alivyoyatamka.