Mzingile: Kutoka Sanaa ya Wayunani hadi Riwaya ya Kezilahabi

Makala haya yanajadili swali moja: je, riwaya ya Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi ni mwangwi wa visasili vya Kiyunani? Wachoraji wa vyombo vya udongo vya Athens, katika karne ya 6 K.K., walipenda kumchora Theseus akimuua Minotauro. Mzingile wenyewe hawakuushughulikia sana. Kinyume chake, baadhi ya sarafu za Knossos zilionyesha njia bila ya mnyama. Naye Picasso, katika miaka ya 1930, alimgeuza Minotauro kuwa kiumbe wa kuhurumiwa, kipofu anayeongozwa na msichana mdogo.

Kezilahabi yu karibu zaidi na sarafu kuliko vyombo: kinachotawala riwaya yake ni safari ya kutafuta, si pambano. Hata hivyo, kufanana si ushahidi wa kuazima. Neno mzingile ni la Kiswahili, na mzaliwa huyo wa Ukerewe alijenga kisa chake juu ya masimulizi ya Wakerewe. Hivyo, mwalimu wa fasihi aliyeko Sirari, Tarime, aanze na ngano za kandokando ya Ziwa Viktoria. Knossos ifuate kama mlinganisho, si kama chimbuko.